Hadhari ni Amana

Tiba ni nyingi, na kila tiba ina njia yake. Mwuza dawa aweza kumhudumia mgonjwa bila ya kumgusa hata ncha ya kidole. Humpa chupa, akamwambia anywe mara ngapi kwa siku, wakaagana. Mpasuaji humgusa mgonjwa ndani kuliko mtu mwingine yeyote, lakini amgusaye ni mtu aliyelazwa usingizi, asiyesema wala kuuliza. Tabibu wa viungo hakupewa nafasi ya namna hiyo. Kazi yake ni kumshika mtu aliye macho. Humwegemeza begani, humkunja goti, humnyosha vidole vilivyojikunja, humsimamisha na kumzuia asianguke. Katika kazi hiyo vifua viwili hukaribiana, mgonjwa huhema kwa juhudi, na pumzi ya mmoja huwa ndiyo hewa ya mwenziwe. Hapana awezaye kumfundisha mtu kutembea upya akiwa ng'ambo ya chumba.

Kwa hiyo yalipozuka maradhi ya korona, ambayo hupita katika pumzi, tiba hii ilipata mtihani mkubwa kuliko tiba nyingi nyingine. Ukaribu, ambao ndio uponyao, ukawa ndio njia ya madhara. Swali lililotokea hapo halikuwa la waganga peke yao. Ni swali la adili, nami nataka kulitazama katika kurasa hizi: mtu ahitajiye mkono wa mwenziwe ili apone, na yule mwenye mkono, wanawiana nini wakati ambapo kukaribiana ni hatari?

Nitalitazama kwa mfano wa nyumbani kwetu, kwa sababu adili isiyojaribiwa nyumbani ni vigumu kuijua uzito wake.

Mwezi wa Februari 2020 shangazi yangu, mkazi wa Likoni, Mombasa, alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kushoto ulilala. Alikuwa mwanamke aliyesuka ukili tangu utotoni, na mikeka ya mkono wake imo katika nyumba nyingi za jamaa zetu. Sasa mkono mmoja ulikuwa hai na wa pili mzigo. Alipotoka hospitali alianza kupelekwa mara mbili kwa wiki kwa tabibu wa viungo, upande wa kisiwani. Tarehe 13 Machi ikatangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona ameonekana nchini Kenya. Kabla ya mwezi kwisha pakawa na amri ya kutotoka usiku, na tarehe 8 Aprili njia za kuingia na kutoka Mombasa zikafungwa. Kutoka Likoni kwenda kisiwani tuliweza bado kuvuka, lakini kuvuka ni kupanda feri, na feri ni mkutano wa watu wasiojuana. Sisi wa nyumbani tukakata shauri kumweka shangazi ndani. Tulidhani tumechagua usalama.

Ilipofika Julai bega lake lilikuwa gumu kama mlango ulioshika kutu bawaba zake. Vidole vilikuwa vimejikunja katika kiganja, hata kucha zikaanza kumchoma. Mguu uliokuwa umekwisha kujifunza hatua mbili tatu ulikuwa umezisahau. Hakupata korona. Alipata madhara mengine, nayo yaliletwa na sisi tuliompenda.

Hapa pana fundisho la kwanza. Akili ya binadamu ni hodari katika kuhesabu hatari ya kutenda, na dhaifu katika kuhesabu hatari ya kutotenda. Wajuao maradhi haya husema kwamba aliyepatwa na kiharusi hurudishiwa sehemu kubwa ya nguvu zake katika miezi ya mwanzo, na miezi hiyo ikipita bila ya mazoezi haikopesheki. Mtoto mchanga aliyezaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani hufungwa plasta na kubadilishwa kila wiki, nyayo zikarudi polepole mahali pake. Wiki zikipotea, mifupa haimngojei mtu. Mzee aliyevunjika nyonga akilala kitandani wiki nyingi hupoteza nguvu ambazo pengine hazipati tena. Haya yote ni hatari, ila hazikuwa na hesabu ya kutangazwa kila siku, kama zilivyotangazwa hesabu za korona. Hatari isiyotangazwa hudhaniwa kuwa haipo.

Sisemi kwamba kila mtu ilimpasa kwenda. Mwenye kifundo cha mguu kilichoteguka kidogo aliweza kungoja. Aliyekwisha kujua mazoezi yake aliweza kuyafanya barazani, na tabibu akamtazama kwa simu na kumsahihisha. Simu ilisaidia wengi katika siku zile, nayo yastahili shukrani. Lakini simu haiwezi kumwinua mtu kitini. Basi wajibu wa kwanza wa mtu mwenye hadhari ni kupambanua haja na mazoea: kujiuliza, na kumwuliza ajuaye, nini kitapotea nisipokwenda, na je, kikipotea, kitarudi? Ajiulizaye hivyo akabaki nyumbani, amebaki kwa akili. Abakiye bila ya kujiuliza amebaki kwa hofu, na hofu ni mshauri atazamaye upande mmoja tu.

Walakini wako waliokosea kwa upande wa pili. Hawa walisema kwamba ajali haina kinga, na kwamba mtu hafi kabla ya siku yake. Wakaenda popote, wakamshika yeyote, na aliyeziba pua na kinywa wakamcheka kuwa mwoga. Neno lao lina sura ya ushujaa na pengine sura ya imani. Nataka tulipime kwa habari moja ya kweli.

Katika majira ya baridi ya 1910 na 1911 tauni ya mapafu iliua watu wapatao 60,000 katika nchi ya Manchuria, kaskazini ya China. Aliyepewa kazi ya kuizuia alikuwa tabibu kijana mzaliwa wa Penang, jina lake Wu Lien-teh. Yeye aliamini kwamba tauni ile inapita katika pumzi kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, akawataka waganga na wauguzi wafunike pua na vinywa kwa pamba na shashi. Mganga Mfaransa, Gérald Mesny, aliyemzidi umri na uzoefu, hakukubaliana naye. Aliingia kuwatazama wagonjwa bila ya kifuniko. Baada ya siku chache, Januari 1911, alikufa kwa tauni iyo hiyo.

Hatuna haki ya kumcheka marehemu. Alikwenda palipo na wagonjwa, na wengi walikuwa wakipakimbia. Ushujaa hakuukosa. Lakini tazama ushujaa huo ulitumia nini. Ulitumia maisha yake, nayo tuseme yalikuwa yake. Ulitumia pia utabibu wake, ambao wagonjwa waliokuwa wakingoja walikuwa na haki nao. Na ulihatarisha kila mtu aliyekuwa karibu naye katika siku zile alizokuwa na tauni kifuani. Hapo ndipo ushujaa usio na hadhari unapojulikana kosa lake: hutumia mali isiyokuwa yake.

Ushujaa wa haki upo, nao tuuone kwa mfano mwingine. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulipatwa na polio kali. Wagonjwa wengi walipooza misuli ya kupumulia, na mashine za kuwasaidia zilikuwa chache mno. Waganga wakapata shauri la kupitisha hewa kwa mpira katika koo la mgonjwa, na mfuko wa hewa ukabanwa kwa mkono, usiku na mchana, kwa siku na wiki. Mikono ile ilitoka kwa wanafunzi wa utabibu wapatao 1,500, waliokaa kwa zamu kando ya vitanda. Mwanafunzi asomaye maneno haya na ajitazame kiganja chake, afikiri kwamba mtoto hupumua kwa sababu kiganja hicho hakikuchoka. Wale hawakuweza kukaa mbali. Hatari waliyoikubali ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa uhai wa mtu aliyelala mbele yao. Basi tofauti ya shujaa na mjinga haimo katika wingi wa hatari. Imo katika swali hili: je, hatari hii inamnunulia mtu kitu, au inaninunulia mimi sifa tu?

Kwa hiyo wa kwanza walikosea kwa kuuogopa ukaribu wote, na wa pili kwa kuudharau uwezo wake wa kudhuru. Njia iliyobaki ni kukaribiana kwa hadhari. Neno hili ni jepesi kulitamka, lakini lina uchungu ndani yake, na yafaa tuuone uchungu huo unatoka wapi.

Mwaka 1847, katika hospitali ya wazazi ya Vienna, tabibu Ignaz Semmelweis aliona kwamba kina mama waliozalishwa na waganga na wanafunzi wa utabibu walikufa kwa homa ya uzazi kuliko wale waliozalishwa na wakunga. Aligundua kwamba waganga walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kwa wazazi. Akaamuru kila mmoja anawe mikono kwa maji ya klorini. Mwezi wa Aprili katika kila kina mama 100 walikuwa wamekufa kama 18. Mwezi wa Juni walikufa kama 2. Mtu angedhani dunia ingemshukuru siku ile. Wakubwa wengi wa utabibu walimpinga, na aliaga dunia 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili, kabla ya kukubaliwa.

Kwa nini walipinga jambo jepesi kama kunawa? Sababu zao za elimu zilikuwapo, lakini nadhani sababu moja ilikuwa ya moyo. Kumwambia mganga anawe ni kumwambia kwamba mkono wake, ambao maisha yake yote aliuhesabu kuwa mkono wa rehema, umepata kuua. Hapana karipio zito kama hilo. Hadhari huumiza fahari ya mtu kabla ya kuulinda mwili wake.

Uchungu huo tuliuona nasi. Mwezi wa Agosti 2020, njia zilipokwisha kufunguliwa, tulimrudisha shangazi kwenye tiba. Tabibu, binti wa miaka kama thelathini, alitoka mlangoni akasimama mbali, pua na kinywa vimefunikwa kwa barakoa, akaweka mkono kifuani na kusema, "Shikamoo, mama." Shangazi akaitikia marahaba, lakini uso wake ulikunjamana. Kwetu pwani mkono wa salamu una maana kubwa. Mtoto huupokea mkono wa mzee na kuubusu. Anyimwaye mkono hujiona amenyimwa utu. Shangazi alininong'oneza, "Ananiona najisi." Alipokuwa ameketi, yule binti akanawa mikono mbele yake, polepole, kwa sabuni, kiwiko hata ncha ya kidole, kisha akaja akaushika ule mkono uliolala, akaukalisha katika viganja vyake viwili kama mtu apokeaye kitu cha thamani. Shangazi hakusema neno tena juu ya najisi. Alikuwa amefahamu kwamba mkono aliokuwa amenyimwa mlangoni ulikuwa ukitayarishwa.

Utaratibu wa nyumba ile nataka niueleze kwa ufupi, kwa kuwa adili ya hadhari imo katika mambo madogo. Siku moja kabla ya zamu walipiga simu kuuliza kama mgonjwa, au yeyote wa nyumbani, ana homa, kikohozi au amepotewa na harufu. Mtu alingoja nje, chini ya mwarobaini, mpaka aitwe, ili wagonjwa wasirundikane. Mlangoni palikuwa na ndoo yenye mfereji na sabuni, na kila aingiaye alinawa kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini bila ya haraka. Aliingia mgonjwa na msaidizi mmoja tu. Madirisha ya pande mbili yalikuwa wazi ili upepo wa bahari upite, na kiyoyozi kilizimwa, ijapokuwa joto lilikuwa kali. Mazoezi ya kuhemesha yalifanywa barazani. Tabibu alipomwinua shangazi alisimama ubavuni au nyuma yake, mara chache sana uso kwa uso. Wote wawili walivaa barakoa, na shangazi alipochoka kupumua ndani yake, alipumzishwa nje peke yake, akaiteremsha kidogo, kisha akarudi.

Kila moja ya kanuni hizi yaweza kusomwa kwa namna mbili. Asomaye kwa hofu husema: hapa kila mtu anamdhania mwenziwe kuwa na sumu. Asomaye kwa adili husema: hapa kila mtu amekubali kwamba yeye mwenyewe yamkini ana madhara asiyoyajua, na ameyazuia yasimfikie mwingine. Barakoa ilizuia pumzi ya aliyeivaa kumfikia mwenziwe kama ilivyomkinga yeye; na maadamu mtu aliweza kuwa na korona bila ya kuumwa, hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa yakini, "Mimi ni salama." Kanuni ilimwondolea kila mtu haja ya kuwa na yakini hiyo.

Tena, utaratibu wa namna hii si mgeni katika tiba ya viungo. Mwaka 1894 mjini London wauguzi wanawake walianzisha chama cha wakandaji, ambacho baadaye kilikua kikawa chama cha matabibu wa viungo wa Uingereza. Siku zile kazi ya kukanda ilikuwa imechafuliwa jina, kwa kuwa baadhi ya watu walilitumia jina hilo kuficha ufasiki. Wauguzi wale wakajiwekea miiko juu ya nani akandwe, kwa agizo la nani, na kwa mwenendo gani. Miiko haikuuondoa mkono, iliufanya uaminike. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika siku za korona. Watu waliosema kwamba kanuni zinaua ukaribu walisahau kwamba ukaribu wa mtu na mtu asiyemjua umeishi kwa kanuni siku zote.

Hata hivyo kanuni ni kazi ya binadamu, na elimu ya binadamu hukua. Mwanzoni mwa 2020 watu wengi walijishughulisha mno kufuta meza, vitasa na hata mboga za sokoni. Baadaye ikabainika kwamba hatari kubwa zaidi ilikuwa katika hewa ya chumba kilichofungwa, na kwamba dirisha wazi lilikuwa na faida kuliko kitambaa cha kufutia meza. Wako waliofanya mabadiliko hayo kuwa hoja ya kudharau kila shauri. Mimi naona kinyume. Nahodha abadiliye tanga upepo ubadilikapo ndiye wa kusafiri naye. Hadhari yataka unyenyekevu wa kusema, "Jana tulidhani hivi, leo tumejua vingine."

Sasa nafika mahali ambapo nisingependa kufika, lakini nikipapita nitakuwa nimewaandikia wenzangu adili niliyojisamehe mwenyewe.

Mwezi wa Novemba 2020, maradhi yakiwa yamepanda tena nchini, mtoto wa kiume wa shangazi, tuliyeishi naye nyumba moja, aliamka na homa na kikohozi. Siku hiyo ilikuwa ya zamu ya shangazi. Wiki iliyotangulia alikuwa amesimama bila ya kushikwa, kwa mara ya kwanza tangu Februari, akahesabu mpaka tisa kabla ya kuketi. Nilikumbuka Julai. Niliona vidole vile vikijikunja tena. Mlangoni mlinzi akaniuliza kama kawaida, "Nyumbani kuna mwenye homa au kikohozi?" Shangazi alikuwa bado garini, hakusikia. Nikajibu, "Hapana." Tukaingia, akashikwa, akasimama mpaka kumi na nne.

Jioni shangazi akamsikia mwanawe akikohoa, akamwuliza tangu lini. Alipoambiwa, akanigeukia.

"Mlangoni uliulizwa nini leo?"

Nikamwambia.

"Ukajibuje?"

Nikanyamaza. Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, yule binti alinishika kwa kuwa ametuamini. Umenifanya nimwibie." Akataka simu, akampigia mwenyewe, akamweleza yote, wala hakunitia udhuru.

Tabibu alikifunga chumba chake usiku uleule. Kijana alipelekwa kupimwa, na majibu yakaja siku ya tano: hakuwa na korona. Siku tano hizo wagonjwa wote wa yule binti walirudishwa makwao. Mmoja wao alikuwa mtoto wa plasta za kila wiki. Nilimjua kwa sura tu, akiwa mgongoni mwa mama yake chini ya mwarobaini.

Majibu yalipokuja nafsi yangu ilishangilia, ikaniambia: umeona, hapana aliyedhurika, uongo wako ulikuwa mtupu. Ilinichukua siku nyingi kuijibu. Fikiria mtu aliyewekwa fedha za yatima, akazichukua akaenda kuzichezea kamari, akashinda, akazirudisha sandukuni zote kamili. Hesabu ya sanduku haina kasoro. Je, ametunza amana? Hapana. Aliivunja alipozitoa, na bahati haikuwa na uwezo wa kuiunga. Nami niliweka mezani afya ya yule binti, na ya watoto wake kama anao, na ya kila mtu ambaye angemshika kesho yake, bila ya kumwuliza hata mmoja wao. Kwamba nilishinda si sifa yangu. Uovu wa jambo ulikuwa umekwisha kutimia mlangoni, katika neno moja, kabla ya kujulikana nani mzima na nani mgonjwa.

Tena nilitambua jambo la kunitahayarisha zaidi. Nilisema uongo kwa ajili ya mapenzi, na mapenzi hayo yalikuwa ya kweli. Uongo wa chuki hujulikana upesi na kila mtu hujilinda nao. Uongo wa mapenzi huingia kwa mlango wa mbele. Maradhi yapitayo katika pumzi hupenda sana mlango huo: husafiri na mama asiyetaka kumkosesha mwanawe tiba, na mtoto asiyetaka kumkosesha mzazi, na tabibu asiyetaka kuwakosesha wagonjwa wake mkono. Nani kati yao aweza kuitwa mwovu? Na bado kila mmoja aweza kuwa sababu ya msiba.

Basi tuseme kwamba hadhari ni amana iliyowekwa baina ya watu wawili, na kwamba kiini chake ni ukweli. Sabuni, dirisha na barakoa ni walinzi wazuri, lakini hulinda mlango ambao ufunguo wake ni jibu la mtu. Aongopaye mlangoni amewapita walinzi wote.

Hata hivyo sitaki kumaliza kwa kuwahukumu waongo peke yao, kwa kuwa ukweli una bei, na adili haina budi kuuliza ni nani ailipaye. Baadaye tabibu aliniambia, bila ya hasira, "Ungaliniambia, ningalimfanyisha mama mazoezi kwa simu siku zote hizo, na ningalimwekea zamu ya kwanza akirudi." Sikulijua hilo kwa sababu sikuuliza, na hilo ni kosa langu. Lakini fikirini nyumba ya tiba ambayo mwenye kusema kweli hupoteza zamu yake akasukumwa nyuma miezi miwili, na fedha aliyokwisha kulipa asirudishiwe. Fikirini mchukuzi wa mizigo aliyeumia mgongo, ambaye siku asiyofanya kazi ni siku asiyokula, naye hawezi kufanya kazi mpaka mgongo utibiwe. Fikirini tabibu mwenyewe, aliyeamka na kikohozi, ajuaye kwamba akibaki nyumbani hapati ujira. Watu hawa tukiwauliza swali la mlangoni, tunawauliza pamoja na swali jingine lisilotamkwa: uko tayari kulala njaa kwa ajili yetu? Ukweli uliotozwa faini hupata wasemaji wachache. Kwa hiyo atakaye kuambiwa kweli ana wajibu wa kuipunguzia kweli bei yake: zamu ihifadhiwe, fedha irudi, ujira wa mgonjwa usikatwe. Atakaye kuhifadhiwa na ukweli wa wenziwe bila ya kuchangia gharama yake, naye ni mwivi wa amana, ijapokuwa hajasema uongo hata mmoja.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si dharura ya dunia tena. Watu wamerudi kupeana mikono, na ni vyema warudi. Lakini pumzi hazikuacha kuwa njia. Kifua kikuu kilipita humo zamani na kinapita leo. Mafua yanapita kila msimu. Na maradhi mengine mapya hayatatupigia hodi. Wagonjwa wa viungo wataendelea kuwa wazee na wadhaifu, na mkono utaendelea kuhitajika karibu. Kwa hiyo swali la mlangoni lingali swali letu, hata pale ambapo hapana mtu wa kutuuliza. Mwenye kikohozi na aseme kabla ya kuulizwa. Mwenye mkono na anawe mbele ya macho ya atakayemshika. Mwenye nyumba na afungue dirisha, tena asimwadhibu aliyesema kweli.

Shangazi sasa hutembea kwa fimbo. Mkono wa kushoto haukurudi wote, lakini vidole vyake viwili hushika ukili wakati wa kulia unaposuka. Mwaka jana alimaliza mkeka mdogo, wenye mistari iliyopinda hapa na pale. Alinituma niupeleke kwa yule binti. Niliupeleka, nikasimama mlangoni kwake, na kabla hajaniuliza neno nilimwambia kwamba wote nyumbani ni wazima.